Umelalaje? Utangulizi wa Elimu ya Jinamizi na Usingizi Uliopotea

Asubuhi ya Tabora huanza na uongo mdogo. Mtu ametoka nje na ndoo, jirani anamuuliza, "Umelalaje?" naye anajibu, "Salama," ingawa tangu saa nane usiku alikuwa macho akisikiliza mbwa wa Ng'ambo wakijibizana na wa Isevya. Hakuna wa kumlaumu. Salamu si mahakama, na anayewahi maji hana muda wa kusimulia ndoto. Wanyamwezi nao, kwa mwangaluka yao, huulizana habari za kuamka kabla ya habari nyingine yoyote. Kwa hiyo swali tunalo, na tunaliuliza kila siku. Asiyekuwapo ni mtu wa kungoja jibu la pili.

Elimu ninayokukaribisha ni ya kungoja jibu hilo. Haina mlango mmoja. Ndani yake utawakuta madaktari wa akili na wapimaji wa mawimbi ya ubongo, wanahistoria wanaofukua madaftari ya wasafiri, masheikh na mapadri wanaobishiwa hodi usiku, mfumu, yaani mganga wa Kinyamwezi, na kuku wake wa ramli, na walimu wa mabweni, ambao katika mji wa shule kama huu wanajua mambo mengi ya usiku kuliko wanavyoulizwa. Kama wewe ni muuguzi, au mzazi, au umekuja tu kwa sababu ndoto ileile imekurudia tena wiki hii, keti. Hukukosea nyumba.

Tuanze na maneno, kwa kuwa Kiswahili kimeshatufanyia nusu ya kazi. Katika jinamizi sikio langu husikia kuinamia: kuna kitu kimekuinamia, kimekukalia kifuani. Maana yake ya awali ni hali ambayo wengi wameionja. Unaamka, unaona paa na chandarua, unajua uko chumbani mwako, lakini mkono haunyanyuki, sauti haitoki, na pembeni kuna mtu au kivuli. Kuweweseka ni jambo jingine, kwa sababu anayeweweseka hana habari; wenye habari ni waliolala naye. Maruweruwe ni ya mwenye homa, huyaona hata akiwa macho. Halafu ipo ndoto mbaya yenyewe, iliyo na mwanzo na mwendo, ambayo hukuamsha ukiwa na hadithi yote mkononi na jasho shingoni. Siku hizi yote haya tunayaita jinamizi, nami katika kichwa cha utangulizi huu nimefanya hivyohivyo. Lakini ukiingia kazini yatenganishe. Mtoto anayepiga kelele saa tano usiku, macho wazi, asimtambue hata mama yake, na asubuhi asikumbuke lolote, hakuota ndoto mbaya. Amekwama katikati ya usingizi mzito. Usimtikise wala usimhoji. Mshike asijigonge, mlaze, na kesho yake usimtie hofu kwa kumsimulia.

Sasa kwa nini Tabora? Kwa sababu njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, huku kwetu, na kuendelea hadi Ujiji, imetuachia majinamizi mawili yaliyoandikwa kwa uangalifu, na maelfu ambayo hayakuandikwa kabisa.

La kwanza lilitokea Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe ambalo leo limejengwa upya na kufanywa makumbusho. Wasafiri David Livingstone na Henry Stanley walifika hapo Februari 1872 wakitoka Ujiji. Machi Stanley akashika njia ya pwani ili amtumie wapagazi, na Livingstone akabaki akiwangoja hadi Agosti. Alikuwa na miaka 59, mgonjwa wa tumbo, hana kazi ya mikono. Miezi michache nyuma, Julai 1871, alikuwa ameshuhudia watu wakipigwa risasi sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba, na kabla ya hapo alikuwa ameona kwa miaka mingi misururu ya watu waliofungwa makongwa shingoni. Katika maandishi ya kungoja huko, yaliyochapishwa baada ya kifo chake, anasema kwamba kumbukumbu nyingi mbaya huweza kuzizika baada ya muda, lakini zile za biashara ya watumwa hurudi bila kuitwa, naye hushtuka usiku wa manane kwa jinsi zilivyo wazi mbele yake. Anaongeza kuwa huenda wapo watakaouona huo ni udhaifu.

Soma tena hayo polepole. Kumbukumbu inayorudi bila hodi, uwazi wa kutisha, kushtuka usiku, na aibu ya kuwa mtu mzima anayeshtuka. Waganga wa akili wa Marekani waliingiza hali hii katika mwongozo wao rasmi wa magonjwa mwaka 1980, miaka mia moja na minane baadaye. Msomaji makini ataniuliza kama Livingstone alisema aliota. Hakusema hivyo. Alisema picha zilirudi na zikamshtua. Hatujui kama usingizi ulikuwa umemchukua au ulikuwa ndio kwanza unamnyemelea, na mtafiti mzuri haongezi neno ambalo shahidi hakulitoa.

Jinamizi la pili ni la mwaka 1858. Richard Burton na John Speke walikuwa wameondoka Kazeh, ambayo ni Tabora ya leo, wakirudi pwani. Mwendo wa pili tu kutoka Kazeh, mahali paitwapo Hanga, Speke akashikwa na homa baada ya kupigwa na upepo baridi wa mashariki. Walilazwa katika kibanda kama zizi la ng'ombe. Burton anasimulia kwamba mwenzake alizinduka kutoka ndoto ambamo kundi la simamarara, chui na wanyama wengine, waliofungwa kwa kulabu za chuma, walikuwa wakimburuta ardhini kwa kasi ya kimbunga. Baadaye akaona mashetani na majitu yenye vichwa vya simba, na ikafika hatua akaomba kalamu na karatasi awaage jamaa zake. Akapona.

Mambo mawili hunivutia hapa. Simamarara hawako Afrika. Speke alikuwa askari India na aliwinda huko, kwa hiyo ndoto ya Unyamwezi iliokota wanyama wake ng'ambo ya bahari. Ndoto haichagui nchi; hubeba kilicho karibu ghalani. La pili ni jina. Watu wa msafara waliujua ugonjwa ule, wakauita kichomachoma. Burton alilitafsiri jina hilo kuwa vyuma vidogo. Mimi nasikia kuchoma, na yeyote aliyewahi kuchomwa na kichomi ubavuni atasikia hivyohivyo. Maumivu ya mgonjwa yalikuwa ya kuhamahama mwilini kama kitu chenye ncha, na ndoto ikayapa maumivu hayo umbo la kulabu. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya Hanga na Kwihara: ndoto ya homa huondoka na homa yake, ile ya kumbukumbu hubaki hata mwili ukipona.

Na wengine? Kati ya watumishi wa safari hizo, Bombay alikuwa na Speke, Susi na Chuma walikuwa na Livingstone. Wao ndio waliolala karibu, na kama kuna aliyesikia mzee akishtuka, ni wao. Sijaona andiko linaloonyesha kwamba waliulizwa hilo. Mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ametuachia maisha yake kwa Kiswahili. Humo anatuhesabia pembe, vita na madeni, si usiku wake. Wapagazi wa Kinyamwezi waliolala ndani ya boma la miiba, na mateka ambao mlango wa Tabora kwao ulikuwa mlango wa kuuzwa, walikuwa na sababu nyingi zaidi za kuota kuliko Mwingereza yeyote. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Waafrika wa zamani hawakusumbuliwa na mambo haya, mwambie ni daftari ndilo lililokosekana.

Nije kwenye mwili wenyewe. Mwaka 1953 huko Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walichapisha walichokiona kwa watu waliolala: kuna vipindi ambapo macho huchezacheza upesi chini ya kope, na ukimwamsha mtu wakati huo mara nyingi atakuambia alikuwa anaota. Usiku huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi. Mizunguko ya mwanzo ina usingizi mzito zaidi, ya kuelekea alfajiri ina ndoto ndefu zaidi. Ndiyo maana kelele za mtoto huja saa nne au saa tano, na ndoto mbaya ya mtu mzima huja saa tisa, saa kumi. Wazee husema ndoto ya alfajiri ndiyo ya kweli. Sijui kuhusu ukweli wake, ila ndiyo inayokumbukwa, kwa kuwa unaamka ukitoka humohumo.

Katika vipindi hivyo mwili hufungwa. Misuli mikubwa hulegea kabisa, la sivyo tungekimbia na ndoto zetu hadi barabarani. Mara chache akili hutangulia kuamka kabla kufuli halijafunguliwa, na hapo ndipo kitu kinapokukalia kifuani. Hudumu sekunde chache, pengine dakika kadhaa, na huwapata zaidi waliolala chali na waliokosa usingizi siku zilizotangulia. Kumweleza kijana jambo hili mchana, kwa utulivu, humpunguzia nusu ya hofu. Nimeliona hilo mara nyingi kiasi cha kuliamini kuliko dawa fulanifulani.

Kwa nini ndoto moja irudi? Maelezo yapo zaidi ya moja, na wataalamu hawajapatana. Antti Revonsuo wa Finland alipendekeza mwaka 2000 kwamba ndoto ni uwanja wa mazoezi ya hatari: ubongo hukufanyisha kukimbia simba kabla hujakutana naye. Wengine wanasema ndoto hupoza moto wa hisia, na jinamizi ni ndoto iliyokatizwa kabla ya kumaliza kazi, maana mwenyewe huamka pale panapowaka zaidi. Kisha mambo hujizungusha. Mtu anaogopa kulala, anachelewa kusudi, anajikatia usingizi. Na ubongo ulionyimwa ndoto huja kudai deni lake kwa riba, ndoto nyingi zaidi na kali zaidi. Wiki tatu za namna hiyo na hata mtu jasiri huanza kuona kitanda kama adui.

Lakini kabla ya nadharia zote hizo, angalia kabati la dawa na chupa. Wengi katika mkoa huu walitumia efavirenz miaka mingi kabla dolutegravir haijashika nafasi yake katika dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na ndoto kali zilikuwa miongoni mwa athari zake zinazojulikana sana. Wapo waliodhani wamerogwa kumbe ni kidonge cha usiku. Mtu wa namna hiyo asiache dawa hata siku moja kwa uamuzi wake. Aende kliniki aseme, kwa sababu dawa hubadilishwa. Mefloquine ya malaria nayo ina sifa hiyo, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo zito mwaka 2013. Gongo hulaza haraka na kuamsha mapema, na anayeiacha ghafla baada ya miaka hupata usiku wa ndoto za kutisha, pamoja na hatari nyingine zinazohitaji hospitali. Halafu kuna tumbaku. Msimu wa kukausha, mkulima wa Urambo au Sikonge hukesha kwenye bani karibu wiki nzima akichochea moto, joto lisipande wala kushuka, huku ngozi yake ikiwa imeshakunywa utomvu wa majani mabichi, unaoleta kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa usingizi. Huyo usimpeleke kwa mtaalamu wa ndoto. Mtafutie mtu wa kupokezana naye zamu.

Na uliza kama nyumba ni salama. Sungusungu, walinzi wa vijiji, walizaliwa huku, Kahama na majirani zake, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa sababu usiku ulikuwa na wezi wa ng'ombe wa kweli. Mwanamke anayeogopa kulala kwa sababu ya anayelala naye hana jinamizi. Ana mtu wa kumkimbia, na msaada wake hauanzii kwenye ndoto.

Kuna utafiti mmoja ambao napenda kuwapa wanafunzi wangu siku ya kwanza, kwa kuwa ulifanyika nchini mwetu. David Samson na wenzake waliwavisha Wahadzabe watu wazima 33 wa karibu na Ziwa Eyasi vifaa vya mkononi vinavyopima kulala na kuamka, kwa siku 20. Matokeo yalichapishwa 2017. Katika siku zote hizo, dakika ambazo watu wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Daima kulikuwa na mtu macho: mzee aliyeamka mapema, kijana aliyechelewa, mama mwenye mtoto. Hakuna aliyepanga zamu. Tofauti za umri zilipanga zenyewe. Watafiti wanaona humo ulinzi wa kale wa binadamu. Mimi nikisoma takwimu zile huiona kambi ya msafara, moto unaofifia na mpagazi mmoja anayeongea peke yake, hadi kirangozi, mwongoza msafara, apige kelele za kuondoka. Pia naona bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akiamka saa tisa kila usiku na kukaa kitini bila kumlalamikia mtu. Leo angeandikiwa vidonge. Kuamka katikati ya usiku peke yake si ugonjwa. Kunakuwa ugonjwa pale kunapopokewa kwa woga na mchana wako ukaharibika.

Sasa nifike kwenye fundo linalowasumbua wageni wa elimu hii: ndoto mbaya isimuliwe au ifichwe?

Muislamu wa Tabora amefundishwa, kwa hadithi zilizomo katika Bukhari na Muslim, kwamba ndoto njema yatoka kwa Mwenyezi Mungu na mbaya kwa shetani. Aliyeota vibaya ateme kidogo kushotoni mara tatu, ajikinge kwa Mungu, ageuke ubavu, na asimsimulie mtu, nayo haitamdhuru. Mfumu anataka kinyume chake. Anataka ndoto yote, na hasa kama baba aliyekufa amekuja mara tatu, kwa sababu huenda mzimu una dai. Pemba na Unguja mwaka 1995, wakati wa hofu ya Popobawa, pepo wa usiku, ilisemwa kwamba aliyevamiwa usiku lazima atangaze, la sivyo atarudiwa, na watu wakalala nje vikundi vikundi wakiota moto. Wapo waliolieleza jambo lile kwa mwili uliofungwa usingizini, na naamini wamepata sehemu yake, ingawa mwili peke yake hauelezi kwa nini hofu ilienea sana mwaka ule wa uchaguzi. Daktari naye anakuambia useme, useme yote, upate nafuu.

Nilipoanza kusoma nilidhani mmoja wao lazima awe amekosea. Kisha nikakutana na kazi ya Barry Krakow. Mwaka 2001 alichapisha jaribio lililowahusisha wanawake 168 wa New Mexico, Marekani, waliowahi kufanyiwa ukatili wa kingono na walioota majinamizi kwa muda mrefu. Kundi moja lilifundishwa njia yake katika vikao vitatu, jingine likangoja. Waliofundishwa walipungukiwa na majinamizi, na usingizi wao ukatengemaa. Na katika njia hiyo hakuna anayelazimika kusimulia ndoto yake kwa mtu yeyote.

Huenda hivi. Tuseme kijana huota kila wiki kwamba bani linawaka na mdogo wake yumo ndani. Mchana, akiwa ametulia, anachukua ndoto hiyo na kuibadilisha atakavyo, popote atakapo. Labda bani lina mlango wa pili. Labda mvua ya Novemba imewahi. Labda mdogo mtu yuko chini ya mwembe anakula embe na kumcheka kaka anayekimbia na ndoo. Si lazima mwisho uwe mtamu, na hakuna anayemchagulia. Kisha kila siku, dakika 10 hadi 20, si kitandani, anaipitia ndoto mpya kichwani kama mtu anayekariri shairi, na ile ya zamani haigusi. Anayeanza achague ndoto iliyo nyepesi kidogo, si ile mbaya kuliko zote. Baada ya wiki chache wengi huona ya zamani imepungua makali, imebadilika, au imeacha kuja. Wengi hucheka wakiambiwa. Nami nilicheka.

Maana yake kwetu ni kubwa. Sheikh hana sababu ya kuogopa njia isiyomtaka mtu atangaze ndoto mbaya, na mwenye kutaka kusimulia hazuiwi. Sipendi mtindo wa kudai kwamba kila jambo la maabara lilishasemwa na wahenga, na sitaufuata hapa. Ila naona kwamba kutema, kujikinga na kugeuka ubavu kuna jambo moja ambalo kulala ukitetemeka hakuna: mwotaji anafanya kitu. Bibi yangu hakuwahi kuniuliza nimeota nini. Aligeuza mto wangu, akasema upande ule umechakaa, akarudi kitini kwake. Mimi si mwenye kuamini kwamba jinamizi linalorudi ni barua iliyokosa msomaji. Nalichukulia kama mazoea ya ubongo uliowahi kuogopa sana. Lakini simwambii mtu amwache mfumu wake. Namwomba asingoje jibu la mfumu ndipo aanze mazoezi yake.

Vidonge? Prazosin, dawa ya presha, ilisifiwa sana kwa majinamizi ya wanajeshi. Mwaka 2018 jaribio kubwa la wanajeshi wastaafu 304 wa Marekani halikuona tofauti kati yake na kidonge kisicho na dawa. Wapo madaktari ambao bado huiandika, na wapo wanaosaidika. Ni kazi ya daktari kuamua, na huu si ukurasa wa kuamulia.

Kwa usingizi wenyewe uliopotea, msingi uliwekwa na Richard Bootzin mwaka 1972, na unasimama hadi leo: kitanda kiwe cha kulala, ukikaa macho muda mrefu ondoka, rudi unaposinzia, amka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, na usifidie mchana. Vitabu huongeza kwamba uende chumba kingine. Chumba kipi? Nyumba nyingi za hapa chumba kimoja kina watu wanne, na anayetoka nje saa tisa usiku ataulizwa asubuhi alikuwa akifanya nini. Kwa hiyo tumejifunza kusema: kaa kwenye mkeka, egemea ukuta, taa isiwashwe, simu isiguswe, tasbihi au rozari inaruhusiwa. Oktoba, joto la Tabora likiwa juu kabisa, lala baadaye kuliko kawaida badala ya kujilaza saa tatu na kupigana na shuka. Saa sita za usingizi mfululizo ni bora kuliko saa tisa za kugaragara.

Kuna watu ambao haya hayawatoshi. Ulyankulu, magharibi mwa mkoa huu, ilipokea Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Wengi wao na watoto wao walipata uraia wa Tanzania mwaka 2014, na kambi ya Nyarugusu kule Kasulu imewapokea Wakongomani tangu 1996. Kwa mtu aliyepitia mambo mengi mabaya kwa miaka mingi, kubadilisha ndoto moja ni kama kuziba tundu moja la paa. Kwake ipo njia iliyojaribiwa jirani yetu, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na matokeo yake yakachapishwa 2008. Wasaidizi hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenyewe waliopewa mafunzo. Mgonjwa hutandaza kamba sakafuni, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Anaweka ua palipokuwa na heri na jiwe palipokuwa na balaa. Kisha kikao baada ya kikao hutembea juu ya njia hiyo na msaidizi wake, akisimulia kila jiwe mahali pake na wakati wake, hadi jambo la Burundi libaki Burundi na la 1972 libaki 1972. Mwishoni hupewa maisha yake yameandikwa. Anayetoka Tabora haoni ajabu sana. Hapa kila mtu anajua kwamba njia ndefu husimuliwa kambi kwa kambi.

Wachache wapelekwe hospitali bila kuchelewa, iwe Kitete ya hapa mjini au, kwa rufaa, hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927. Anayesema afadhali asiamke kabisa. Mzee aliyeanza kurusha ngumi na mateke akiota. Anayekoroma kwa nguvu, kisha pumzi ikakatika, kisha akazinduka kama aliyekuwa akizama. Huyo ndoto yake ya kuzama si fumbo. Aliyejifungua juzi na hajalala siku tatu.

Kurasa zinazofuata zitakupeleka ndani ya kila chumba nilichokuonyesha kwa mbali. Ila kazi inaweza kuanza kesho asubuhi, bila mashine, hasa kwa muuguzi wa zahanati na mwalimu wa bweni. Mtu akikujibu "salama," subiri kidogo, halafu muulize mambo matatu: uliamka saa ngapi, uliamka na hadithi au na uzito kifuani, na nani alikuwa macho karibu nawe. Swali la tatu wengi hulijibu kwanza.